Je, nimwachie wakala wa akili mnemba data za tasnifu yangu ya astronomia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma uzamili wa fizikia hapa Tanzania. Tasnifu yangu inahusu nyota pacha zinazopatwana, yaani nyota mbili zinazozungukana na kuzibana mwanga kwa zamu, na data nazipata kutoka TESS, chombo cha anga cha NASA kinachopima mwangaza wa nyota. Mwenzangu wa maabara ananishawishi nitumie wakala wa akili mnemba: nimpe maelekezo, yeye apakue faili, atafute nyota, apime vipindi vyake (muda wa mzunguko mmoja), achore grafu, hata aandike sura ya matokeo. Msimamizi wangu hataki kusikia habari hiyo. Nani yuko sahihi? Na kama inafaa, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitangulize jibu, maelezo yafuate. Mtumie wakala, lakini usipokee kutoka kwake hatua yoyote ambayo hujaipima inakosea mara ngapi. Kusoma majibu yake na kuona kama yanaleta maana hakutoshi, kwa sababu karibu kila anachoandika kinaleta maana. Nataka upate namba, uiandike kwenye tasnifu, uitetee mbele ya watahini. Mwenzako anaruka hatua hiyo, na msimamizi wako nadhani hajaonyeshwa kuwa inawezekana.

Nikisema wakala nina maana ya programu inayopewa lengo, ikaamua yenyewe hatua za kulifikia, ikazitekeleza, ikatazama kilichotokea, kisha ikaamua la kufuata bila kusubiri mtu. Wanaastronomia wameishi na programu za namna hii muda mrefu. Tarehe 23 Januari 1999 setilaiti ya NASA ilinasa mlipuko wa miale ya gama. Taarifa ikasafiri kwa intaneti, na kamera za ROTSE kule Los Alamos, Marekani, zikageuka zenyewe na kuanza kupiga picha sekunde 22 baada ya mlipuko kuanza. Zilikuta mwanga uliopanda hadi karibu daraja la 9 la mwangaza, kiasi cha kuonekana kwa darubini ndogo ya mkononi, ingawa ulikuwa umesafiri mabilioni ya miaka. Baada ya dakika chache ulikuwa umefifia sana. Mtu aliyeamshwa kwa simu asingeukuta. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa Novemba 2004, iliundwa juu ya wazo hilohilo: inaona mlipuko, inajigeuza yenyewe kuuelekea, inaanza kupima, ndipo watu duniani wanapopata habari.

Oktoba 2023 mnyororo mzima ulikamilika bila mkono wa mtu. Katika mlima Palomar, California, darubini ya mradi wa ZTF hupiga picha anga ya kaskazini usiku baada ya usiku. Programu iitwayo BTSbot, iliyofundishwa kwa picha zaidi ya milioni 1.4 za vitu takriban 16,000, ilichagua doa moja la mwanga na kuiomba darubini ya roboti iliyo jirani ipime spektra yake, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi. Spektra ikapimwa, programu nyingine ikaisoma na kuamua kuwa hiyo ni supanova (nyota inayolipuka) ya aina ya Ia, na taarifa ikawafikia wanaastronomia wote. Nyota hiyo inaitwa SN 2023tyk. Na sasa kuna kituo cha Vera C. Rubin, juu ya Cerro Pachón nchini Chile, kilichoonyesha picha zake za kwanza Juni 2025. Kioo chake kina upana wa mita 8.4, kamera yake ina megapikseli 3,200, na kimebuniwa kutoa mamilioni ya tahadhari kila usiku kwa miaka 10: hapa pamebadilika, hapa pamesogea, hapa pamewaka. Hakuna kikosi cha wanafunzi kinachoweza kuzisoma.

Kwa hiyo hoja kwamba mashine isiachiwe uamuzi wowote imepitwa na wakati. Lakini angalia tofauti. BTSbot ana kazi moja. Ukimpa picha ileile mara mia atakupa jibu lilelile mara mia, na akikosea anakosea kwa namna unayoweza kuihesabu. Wakala ambaye mwenzako anakushawishi umtumie amejengwa juu ya modeli kubwa ya lugha, yaani programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi ili itunge maandishi. Anaandika msimbo (maagizo ya kompyuta) papo hapo, anachagua njia papo hapo, na kesho anaweza kuchagua njia nyingine kwa swali lilelile. Ana uwezo mpana, na makosa yake yametapakaa kwa upana huohuo. Mwaka 2025 lilitolewa jaribio liitwalo ReplicationBench, ambalo huwapa mawakala wa aina hii makala za astrofizikia zilizokwishachapishwa na kuwataka warudie matokeo yake. Walipojaribiwa, modeli bora kabisa za wakati huo zilipata alama chini ya asilimia 20. Sisemi zitabaki hapo. Modeli zinapanda haraka. Nasema wewe huwezi kudhani kuwa swali lako limo ndani ya ile sehemu wanayoipatia.

Sasa nikupe mfano ambao ningependa kila mwanafunzi wa data aujue vizuri kuliko mfano mwingine wowote: Robovetter wa chombo cha Kepler.

Kepler kilirushwa Machi 2009 kutafuta sayari zinazopita mbele ya nyota zao na kupunguza mwanga kidogo. Kila kichovya, yaani mshuko mfupi kwenye grafu ya mwangaza, kinaweza kuwa sayari, nyota pacha, mtetemo wa nyota yenyewe, au kelele ya kamera, yaani mabadiliko ya vipimo yasiyotoka kwa nyota. Mwanzoni watu walikaa wakavitazama kimoja kimoja na kupiga kura. Tabu yake ni kwamba mtu huchoka, hubadili mawazo, na hakuna ajuaye ni sayari ngapi amezitupa. Kwa orodha ya mwisho ya mradi, iliyotolewa 2017, uamuzi wote ulikabidhiwa programu, huyo Robovetter. Orodha ikawa na vitu 8,054, na kati yake 4,034 vikahesabiwa kuwa wagombea wa sayari.

Kabla ya kuiamini, timu iliitengenezea programu hiyo mitihani mitatu. Kwanza walipandikiza sayari bandia ndani ya data halisi za kamera, wakahesabu ni ngapi zilipatikana. Pili waligeuza grafu za mwangaza juu chini, hivyo kila kichovya cha kweli kikawa kilima, na lolote ambalo programu ililiita sayari humo lilikuwa kosa. Tatu walichanganya mpangilio wa vipande vya data kwa wakati, sayari za kweli zikapoteza kipindi chake huku kelele ikibaki ileile. Mtihani wa kwanza unakuambia programu inapitwa na vingapi. Miwili inayofuata inakuambia inajiundia vingapi visivyokuwepo.

Matokeo yalichapishwa wazi. Kwa vipindi vya chini ya siku 100, programu ilipata zaidi ya asilimia 85 ya sayari zilizopandikizwa, na zaidi ya asilimia 98 ya wagombea wake hawakuwa kelele. Vizuri sana. Lakini kwa wagombea wenye ishara dhaifu, wenye vipindi vya kati ya siku 200 na 500, wanaozunguka nyota zinazofanana na Jua, ilipata asilimia 76.7, na uaminifu wa orodha ukashuka hadi asilimia 50.5. Hapo ndipo zilipo sayari zenye mwaka unaokaribiana na wetu, zile ambazo chombo kizima kilijengwa kuzitafuta, na karibu nusu ya wagombea wa kundi hilo wangeweza kuwa kelele tupu. Sababu mojawapo ilijulikana: Kepler kilizunguka Jua kwa takriban siku 372, na hitilafu za kamera zilijirudia kwa mzunguko huohuo, zikajifanya sayari za mwaka mmoja.

Fikiria kama wangeipa dunia orodha bila mitihani ile. Programu isingejua kuwa inakosea pale. Watu wangehesabu dunia ngapi zinafanana na yetu kwa kutumia orodha ambayo nusu yake, mahali penyewe hasa, ni hewa. Na angalia kwamba asilimia 98 ya vipindi vifupi isingewasaidia kitu, ingewadanganya tu. Kwa hiyo usipime wakala wako kwa wastani. Mpime mahali pagumu, palepale swali lako linapokaa.

Turudi kwenye nyota zako. Chukua grafu za mwangaza za nyota tulivu, ambazo hazijawahi kuripotiwa kuwa pacha. Wewe mwenyewe, kwa msimbo wako mfupi, zidisha mwangaza wa baadhi yake kwa umbo la kupatwa: kina unachokichagua, kipindi unachokichagua, muda unaouchagua. Tawanya vina na vipindi kwa upana, kuanzia kupatwa kwa kina kunakoonekana kwa jicho hadi kule kunakokaribia kufunikwa na kelele. Nyingine ziache kama zilivyo. Nyingine zigeuze juu chini, ila toa kwanza nyota zenye tabia ya ajabu, kama zile zinazong'aa ghafla kila zinapokaribiana, maana zikigeuzwa zitafanana na kupatwa halisi na kumwonea wakala bure. Ufunguo wa majibu uuweke mahali ambapo wakala hawezi kuufungua. Kisha mpe rundo lote.

Siri ni sehemu ya mtihani, na wanafizikia wakubwa wamejifanyia hivyo wao wenyewe. Septemba 2010 vipimo vya mawimbi ya uvutano vya LIGO na Virgo vilinasa ishara nzuri ajabu. Mamia ya wanasayansi waliichambua kwa miezi, wakaandaa makala, wakijua tu kwamba kuna uwezekano kikundi kidogo kimepandikiza ishara bandia. Machi 2011 bahasha ilifunguliwa mkutanoni: ilikuwa bandia. Hakuna aliyeona kazi ile imepotea bure. Walikuwa wamepata uthibitisho kwamba mnyororo wao, wa watu na programu pamoja, ungeweza kuikamata ishara ya kweli ikija, na ya kweli ilikuja Septemba 2015.

Kwa wakala wa modeli ya lugha siri hiyo ina sababu ya ziada ambayo timu ya Kepler haikuhangaika nayo. Modeli imesoma sehemu kubwa ya maandishi ya intaneti, na ndani yake zimo orodha za astronomia. Mwaka 2022 ilichapishwa orodha ya nyota pacha zinazopatwana 4,584 kutoka sekta 1 hadi 26 za TESS (sekta ni kipande cha anga ambacho chombo hukitazama kwa siku 27 hivi). Ukimpa wakala faili yenye namba ya nyota iliyomo kwenye orodha hiyo, anaweza kukupa kipindi sahihi bila kupima chochote, ama kwa kukumbuka, ama kwa kuchungulia mtandaoni. Utafurahi, utadhani anajua kuchambua, kumbe amenakili. Kwa hiyo badili majina ya faili, ondoa namba za nyota na namba za mahali pake angani ndani ya faili, na umzimie intaneti wakati wa mtihani. Nyota ulizozipandikiza wewe hazimo kwenye makala yoyote, ndiyo maana zina thamani kuliko zinazojulikana.

Kisha chora grafu: kina cha kupatwa upande mmoja, kipindi upande mwingine, na kwa kila chumba cha grafu andika asilimia ya zilizopatikana. Hapo utaona mpaka wake. Chini ya kina fulani anakuwa kipofu. Zaidi ya kipindi fulani, ambacho kwa sekta moja ya siku 27 si kirefu, anabahatisha.

Jambo ambalo ningelisisitiza kuliko yote katika utekelezaji ni hili: usimwache wakala achambue nyota moja moja kwa kufikiri upya kila mara. Mwagize akuandikie msimbo. Uupitie mstari kwa mstari, mjadiliane, arekebishe. Ukiridhika, ugandishe, na kuanzia hapo uuendeshe mwenyewe juu ya rundo la mtihani na juu ya nyota zote za tasnifu bila wakala kuugusa. Kwa njia hiyo unageuza akili yenye mabadiliko kuwa chombo kisichobadilika, kinachoweza kupimwa kama Robovetter. Kasi yake ya kuandika unaifaidi. Kigeugeu chake unakiacha nje ya matokeo.

Unapopitia msimbo huo, kuna mahali nina hakika utakuta makosa, nayo ni ya fani yetu hasa.

La kwanza ni nusu ya kipindi. Katika nyota pacha, kupatwa kwa kwanza na kwa pili kunaweza kulingana sana kwa kina. Programu ya kutafuta vichovya vinavyojirudia itavihesabu vyote kuwa kitu kimoja na kukupa nusu ya kipindi halisi. Lazima vichovya vya namba witiri vilinganishwe na vya namba shufwa, na grafu ikunjwe pia kwa kipindi maradufu uitazame kwa macho yako. Katika tasnifu inayohusu vipindi, kosa hili moja linaharibu sura nzima.

La pili ni majirani. Pikseli moja ya TESS inafunika takriban sekunde 21 za tao angani (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Ndani ya eneo hilo zinaweza kukaa nyota kadhaa, na mwanga wao unaingia kwenye grafu moja. Nyota unayoiita pacha inaweza kuwa tulivu kabisa, na inayopatwa ikawa jirani yake hafifu. Hukagui hilo kwenye grafu ya mwangaza. Unarudi kwenye picha, unatazama ni pikseli ipi iliyofifia, na unalinganisha na orodha ya nyota ya Gaia, chombo cha anga cha Ulaya. Wakala anaweza kuandika kwenye ripoti kwamba majirani wamehakikiwa wakati msimbo alioutumia haukuifungua orodha hiyo hata mara moja. Soma msimbo, ripoti yake isikutoshe.

La tatu linafanana na lile la siku 372. TESS huizunguka Dunia kwa takriban siku 13.7, na mwanga unaotawanyika kutoka Dunia na Mwezi huingia kwenye kamera kwa mpangilio wa mzunguko huo. Ukipata rundo la nyota zenye kipindi cha siku 13.7, umegundua mzunguko wa chombo.

Halafu kuna saa, na hapa hata wazoefu huteleza. Muda kwenye faili za TESS umepunguzwa siku 2,457,000 kutoka hesabu ya Julian (hesabu ya siku mfululizo wanayotumia wanaastronomia), wakati wa Kepler umepunguzwa 2,454,833. Wakala aliyesoma msimbo mwingi wa Kepler anaweza kuingiza namba ya Kepler kwenye data za TESS, na nyakati zako za kupatwa zikahama siku 2,167 bila grafu kubadilika sura. Zaidi ya hapo, muda huo umesahihishwa kana kwamba mpimaji yuko kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua, marekebisho yanayoweza kufika dakika 8 na zaidi, na unatofautiana na saa ya kawaida ya dunia kwa sekunde 69 hivi. Ukitaka kulinganisha vipimo vyako na vya darubini ya ardhini ili kuona kama kipindi kinabadilika, dakika hizo ndizo matokeo yenyewe.

Hatari nyingine haiko kwenye msimbo, iko kwenye uvumilivu wa mashine. Wakala hachoki. Ukimwambia "tafuta uhusiano kati ya kipindi na kitu chochote", atajaribu njia mia, elfu, mpaka uhusiano mmojawapo ung'ae. Tuseme kila jaribio lina nafasi 1 kati ya 1,000 ya kukupa uhusiano wa uongo kwa bahati tu. Ukifanya majaribio 1,000 yasiyotegemeana, nafasi ya kupata angalau mmoja wa uongo ni asilimia 63. Yeye atakuletea huo mmoja, umepambwa kwa grafu safi, bila kutaja majaribio 999 mengine isipokuwa umemlazimisha kuweka kumbukumbu ya kila alichojaribu. Andika swali lako na kipimo chako cha kukubali kabla hujamwasha, umpelekee msimamizi yakiwa na tarehe. Mwanafunzi mmoja aliyechoka alikuwa na kinga fulani dhidi ya kosa hili kwa kuchoka kwake. Wewe kinga hiyo huna tena.

Wakati msimamizi wako anasisitiza jicho la mtu, ana ushahidi mzito. Tarehe 17 Agosti 2017 programu za LIGO zilikamata ishara ya nyota mbili za nyutroni zikigongana, lakini ziliiona kwenye kipimo cha Hanford peke yake, kimoja kati ya viwili vya LIGO. Kwenye kile cha pili, cha Livingston, kelele kubwa ya ghafla ilikuwa imeangukia sekunde moja hivi kabla ya mgongano, na mfumo, kama ulivyofundishwa, ulikikataa kipande hicho cha data. Setilaiti ya Fermi nayo ilikuwa imenasa miale ya gama sekunde 1.7 baada ya mgongano. Watu wakaichora data ya Livingston, wakaona mstari wa ishara ukipanda wazi kabisa, na kelele ikiwa imekaa juu yake. Wakaiondoa kelele, wakaunganisha na data za Virgo, wakatoa ramani ya anga. Takriban saa 11 baada ya mgongano darubini ya Swope nchini Chile iliupata mwanga wake katika galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130. Darubini za dunia nzima zikageukia huko, SALT ya Afrika Kusini ikiwemo. Mfumo wa kujiendesha uliwaamsha watu kwa wakati, na watu wakaona kile ambacho kanuni ya mfumo iliwazuia kukiona. Vyote viwili vilihitajika usiku ule, na ningependa wewe na msimamizi wako mwisome habari hiyo pamoja.

Kuna utafiti mwingine ulio karibu nasi kijiografia. Oktoba 2025, katika jarida la Nature Astronomy, watafiti walionyesha kwamba modeli ya lugha ya jumla, ikipewa mifano 15 tu na maelekezo mafupi, iliweza kutenganisha mabadiliko ya kweli angani na hitilafu za picha kwa usahihi wa asilimia 93 hivi. Moja ya darubini zilizotoa picha hizo ni MeerLICHT, iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, ambayo hutazama anga ileile inayotazamwa na antena 64 za MeerKAT. Kilichonivutia zaidi ya hiyo asilimia ni kwamba modeli iliandika sababu ya kila uamuzi, kisha ikatakiwa kupima kama sababu hizo zinashikamana. Pale ilipojipa alama ya chini, ndipo ilipokuwa na uwezekano mkubwa wa kukosea. Unaweza kuiga hilo: wakala akuandikie sababu, ajipe alama, na wewe utumie macho yako kwa zile za chini kwanza. Ila alama hiyo nayo uipime kwa rundo lako la mtihani. Isiwe kwamba anajisifu sawasawa kila mahali.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi. Huhitaji kupakua kila kitu kwa bando lako. Hifadhi ya data ya MAST, yenye makao Baltimore, ina jukwaa liitwalo TIKE ambapo unafungua akaunti bure na kuandika Python kando ya data zenyewe, ukiwa na Lightkurve, maktaba ya msimbo wa kuchambua grafu za mwangaza, tayari. Wakala mpe folda moja tu ya kufanyia kazi. Usimpe nenosiri lako, usimruhusu kufuta faili za asili, na muwekee kikomo cha matumizi, kwa sababu wakala aliyekwama huzunguka palepale huku malipo yakipanda. Na ukija kupewa muda kwenye darubini halisi, ruhusa ya kuiamrisha ibaki mkononi mwako hadi timu nzima ikubaliane vinginevyo. Usiku wa darubini ni wa watu wengi.

Sura ya matokeo iandike mwenyewe. Nina sababu ya kitaaluma: unapoandika "kipindi cha nyota hii ni siku 4.2", mtahini anaweza kukuuliza umejuaje kuwa si 8.4, na jibu la swali hilo huundwa kichwani wakati wa kuandika. Wakala akusaidie kurekebisha lugha ukipenda, na kukutafutia makala zilizotangulia, ila kila makala anayoitaja ifungue kwenye ADS, hifadhi ya makala za astronomia, kabla hujaiingiza, maana majina ya makala zisizokuwepo humtoka kwa urahisi uleule wa zilizopo. Asiwe mwandishi mwenza. Nature lilishatangaza mapema 2023 kwamba halitakubali modeli ya lugha kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika kwa kazi. Kwenye sura ya mbinu taja jina la modeli, toleo lake, tarehe ulizoitumia na hatua ulizoikabidhi. Kampuni hubadili modeli na kuziondoa, kwa hiyo anayetaka kurudia kazi yako miaka miwili ijayo huenda asimkute wakala yuleyule. Weka kwenye kiambatisho maelekezo uliyompa, msimbo uliogandishwa, rundo la mtihani na ufunguo wake, ili mtu huyo aweze kuendesha kila kitu bila kumhitaji wakala kabisa.